Wendell Scott: Dereva, Fundi na Mwenye Gari

Wendell Scott alishiriki mbio 495 katika daraja la juu la NASCAR, chama kikubwa kuliko vyote cha mbio za magari nchini Marekani, na akashinda mara moja tu. Kwa hesabu ya vikombe, hayo ni mavuno haba. Lakini katika mbio hizo alimaliza mara 147 ndani ya nafasi kumi za kwanza, na mara 20 ndani ya tano. Gari alilinunua mwenyewe, akalitengeneza mwenyewe na kulivuta nyuma ya lori kutoka jimbo hadi jimbo, katika zama ambazo Mmarekani mweusi alifukuzwa kwenye mikahawa na nyumba za wageni zilizokuwa jirani na uwanja wa mbio. Anayetaka kujua mchezo huu unaendeshwaje, nani anaulipia na nani anaubeba mgongoni, atajifunza mengi kwa dereva huyu kuliko kwa mabingwa wengi.

Mbio hizi zilianza kwa magari ya kawaida, yale yale yaliyouzwa madukani. Desemba 1947, Bill France, fundi na mwandaaji wa mbio, aliwakusanya wenzake katika hoteli ya Streamline mjini Daytona Beach, jimbo la Florida, na Februari 1948 NASCAR ikasajiliwa. Mbio za kwanza za daraja lililokuja kuwa la juu zilifanyika Charlotte, North Carolina, tarehe 19 Juni 1949. Aliyemaliza wa kwanza, Glenn Dunaway, alinyang'anywa ushindi baada ya wakaguzi kukuta springi za gari lake zimekazwa kama walivyofanya wasafirishaji wa gongo. Ushindi akapewa Jim Roper. Hilo halikuwa jambo la kushangaza. Katika milima na vijiji vya kusini mwa Marekani, wapishi wa gongo walihitaji madereva wa kufikisha mzigo mjini usiku. Gari la gongo kwa nje lilipaswa kufanana na gari la mtu yeyote, ila chini ya boneti liwe na injini ya kumwacha polisi, na nyuma liwe na springi zisizolala kwa uzito wa madumu. Madereva wengi wa kizazi cha kwanza walijifunzia kazi huko.

Msomaji aliyezoea Safari Rally, ambako magari huondoka moja baada ya jingine na kushindana na saa, atakuta utaratibu tofauti kabisa. Hapa magari makumi kadhaa huondoka pamoja na kuuzunguka uwanja wenye umbo la yai, karibu kila mara yakikata kona za kushoto, kwa mizunguko mia mbili, mia tatu au zaidi. Enzi za Scott viwanja vingi vilikuwa vidogo, mzunguko mmoja ukiwa nusu maili, yaani mita 800 hivi, na vingi vilikuwa vya udongo. Viwanja vikubwa vya lami kama Daytona, kilichofunguliwa 1959, na Talladega, kilichofunguliwa 1969, vina mzunguko wa kilomita nne na ushei, na kona zake zimeinuliwa upande mmoja ili gari lipite bila dereva kuachia sana mafuta. Katika viwanja hivyo dereva hujibana nyuma ya mwenzake kwa umbali wa mkono au miwili, maana gari la mbele hupasua upepo na la nyuma huponea humo. Faida yake ni mwendo wa zaidi kwa injini ile ile. Hasara yake ni kwamba mmoja akiteleza, walio nyuma hawana pa kukwepea.

Jambo la pili la kuelewa ni alama. Enzi za Scott kila aliyeshiriki alipata alama na fedha kulingana na nafasi aliyomalizia, na mwisho wa msimu alama zilijumlishwa kumpata bingwa. Kwa hiyo nafasi ya kumi ilikuwa kitu. Gari lililonoki injini mapema liliambulia kidogo mno, hata kama lilikuwa linaongoza. Dereva mwenye tajiri nyuma yake anaweza kulikanyaga hadi liimbe, kwa sababu likifa kesho atapewa jingine. Asiye na tajiri hana budi kujua ni wakati gani aachie mguu. Hesabu hiyo ndiyo iliyojenga kazi nzima ya Wendell Scott.

Alizaliwa tarehe 29 Agosti 1921 Danville, jimbo la Virginia, mji wa viwanda vya nguo na tumbaku. Baba yake alikuwa dereva na fundi wa magari wa familia za weupe wenye uwezo, na mtoto akaipata kazi hiyo kwa kushika spana pembeni yake. Tangu ujanani Scott aliapa kwamba hataingia viwandani, ambako mtu mweusi alipewa kazi za chini kabisa na msimamizi wa kumfokea. Aliacha shule, akawa mwashi, akaendesha teksi, kisha akapelekwa Ulaya na jeshi la Marekani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, jeshi ambalo bado liliwatenga askari weusi na weupe. Mwaka 1943 alimwoa Mary Coles, na wakajaliwa watoto saba. Aliporudi vitani alifungua gereji yake.

Gereji peke yake haikutosha kulisha nyumba, basi usiku akawa anabeba gongo. Alinunua kwa wapishi, akauza kwa wauzaji, na tofauti ya bei ikawa mshahara wake. Polisi walimkimbiza mara nyingi, ila walimkamata mara moja tu, mwaka 1949, naye akahukumiwa kifungo cha nje. Kazi hiyo ilimfundisha mambo mawili ambayo fedha isingeyanunua: kuisikiliza injini na kujua inataka nini kabla haijaharibika, na kulishika gari gizani kwenye barabara ya vumbi bila kutetereka.

Mwaka 1952 waandaaji wa Dixie Circuit, mashindano madogo yaliyokuwa yakigombea watazamaji na NASCAR, waliona viti vyao Danville haviuziki. Wakafikiri kwamba dereva mweusi akiingia uwanjani watu watakuja, wengine kumshangilia, wengine kumzomea, mradi wote wamelipa kiingilio. Wakaenda kuwauliza polisi wa mji ni mweusi gani anayekimbiza gari kuliko wote. Polisi walimtaja mtu waliyekuwa wakimfukuza na kumkosa miaka yote. Tarehe 23 Mei 1952 Scott aliingia uwanja wa maonyesho wa Danville na gari lake lile lile la gongo. Walikuwapo waliomzomea. Gari liliharibika kabla hajamaliza, lakini siku hiyo hiyo aliamua kwamba hii ndiyo kazi yake.

Kesho yake alilipeleka gari kwenye mbio za NASCAR huko Winston-Salem, akakataliwa, na baadaye alisimulia kwamba alirudi nyumbani akilia njiani. Akajaribu High Point, akakataliwa tena. Siku chache baadaye, mjini Lynchburg, alishinda mbio fupi ya daraja la wanaoanza. Tangu hapo akawa anazunguka viwanja vidogo vya Virginia, mara nyingine mara kadhaa kwa wiki moja, akishinda hapa na kubamizwa makusudi pale na madereva wasiotaka kumwona. Baadhi yao, wakisha kumjua kwa miezi kadhaa, walianza kumheshimu kwa sababu ambayo mafundi wote wanaielewa: aliyafanya maajabu kwa vyuma chakavu.

Leseni ya NASCAR aliipata 1953 kwa njia ya upenyo. Alilivuta gari hadi Richmond na kumwomba msimamizi wa hapo, Mike Poston, ambaye hakuwa mkubwa katika chama. Poston alimwonya kwamba mambo yatakuwa magumu, kisha akampa. Wakubwa walipokuja kujua, mlango ulikuwa umeshafunguliwa. Mwaka uliofuata Scott alikutana na Bill France mwenyewe na kumweleza kwamba mwandaaji mmoja aliwapa madereva weupe fedha ya mafuta ya kurudia nyumbani, yeye akamruka. France alitoa fedha mfukoni akampa, akimhakikishia kwamba chama chake hakitambagua kwa rangi. Ahadi hiyo haikutimizwa kila mahali. Kwa miaka kadhaa uwanja wa Darlington, South Carolina, mojawapo ya viwanja vyenye hadhi kubwa katika mchezo, ulimzuia kushiriki, na chama hakikuulazimisha.

Mwaka 1959 alitwaa ubingwa wa jimbo la Virginia katika daraja la kati la NASCAR, pamoja na ubingwa wa uwanja wa Southside mjini Richmond. Dereva mweupe mwenye rekodi kama hiyo angeanza kupigiwa simu na wenye timu. Yeye hakupigiwa. Tarehe 4 Machi 1961, akiwa na miaka 39, alipanda daraja la juu kwa gharama zake mwenyewe, katika mbio za Spartanburg, South Carolina. Julai 1962, uwanjani Savannah, Georgia, alipata muda bora kuliko wote katika majaribio ya kupanga safu na kuanza mbele, mweusi wa kwanza kufanya hivyo katika daraja hilo.

Inafaa kueleza maana ya kushindana kwa gharama zako. Miaka ya 1960 viwanda vya magari vya Detroit vilimwaga fedha katika mchezo, kwa kuwa gari lililoshinda Jumapili liliuzika vizuri wiki iliyofuata. Timu zilizopendwa na viwanda zilipewa injini mpya, wahandisi na matairi bila kikomo. Waliobaki waliitwa madereva wa kujitegemea. Hao walinunua gari lililoachwa na timu kubwa, injini ya mwaka juzi na matairi ambayo wenzao walishayatumia. Scott alikuwa wa kujitegemea kuliko wote, kwani hata wadhamini wadogo waliomsaidia fundi mweupe wa hali yake hawakutaka jina lao libandikwe kwenye gari lake. Gari lake namba 34 lilivutwa na lori kuukuu, na ndani ya lori walikuwamo wanawe, Wendell mdogo na Frank, pamoja na spea, jeki na chakula walichopikiwa na mama yao, maana njiani hakukuwa na uhakika wa mkahawa wa kuwahudumia.

Tofauti hiyo ilionekana waziwazi gari lilipoingia pembeni kubadilishwa matairi. Timu tajiri ilikuwa na watu waliofanya mazoezi ya kazi hiyo: mmoja na jeki, wawili wa kufungua nati, wengine wa kubeba matairi na mapipa ya mafuta, dereva akisubiri huku ameshika usukani. Katika timu ya Scott, wafanyakazi walikuwa watoto wake na marafiki, na zilikuwapo nyakati ambapo yeye mwenyewe alifungua mkanda, akashuka, akashughulikia gari kwa mikono yake, kisha akarudi kwenye usukani na kuondoka. Kila alipofanya hivyo wapinzani walimzunguka. Ukizingatia hayo, nafasi ya nane au ya tisa aliyomalizia ilikuwa na uzito ambao jedwali la matokeo haliwezi kuuonyesha.

Mwaka 1963 Ned Jarrett, bingwa wa 1961 na mmoja wa weupe waliomtendea Scott kwa utu, alimuuzia gari lake la Chevrolet la mwaka 1962. Ndilo aliloenda nalo Jacksonville, Florida, katika uwanja wa Speedway Park, tarehe 1 Desemba 1963. Ulikuwa mwaka mchungu kwa Marekani. Septemba bomu liliua wasichana wanne weusi kanisani Birmingham, Alabama, na siku tisa tu kabla ya mbio Rais Kennedy alikuwa ameuawa Dallas. Uwanja wenyewe ulikuwa wa udongo, nusu maili, na siku hiyo ulichimbika vibaya. Magari yenye nguvu yaliingia mashimoni na kuvunjika moja moja. Uwanja wa namna hiyo humpendelea anayejua kulihurumia gari, na hakuna aliyekuwa na mazoezi hayo kuliko Scott.

Ilipobaki mizunguko 25, gari la dereva Richard Petty lililokuwa likiongoza lilipata hitilafu, na Scott akampita. Akaongoza mzunguko baada ya mzunguko. Mbio zilikuwa za mizunguko 200, lakini alipoutimiza wa mwisho hakuona bendera ya mirabaraba nyeusi na nyeupe inayoashiria kumaliza. Akaendelea. Alizunguka mizunguko miwili zaidi ya aliyotakiwa, na bendera ilipopepea, mshindi aliyetangazwa ni Buck Baker, aliyekuwa mizunguko miwili nyuma yake. Baker akapewa kombe na kupigwa picha. Scott alilalamika, wasimamizi wakakaa na kadi za hesabu, na saa kadhaa baadaye wakakiri kwamba mshindi alikuwa yeye. Wakati huo watazamaji walikuwa wameshaondoka, na kombe limeondoka pia. Alilipwa dola 1,000 za mshindi.

Maelezo ya chama yalikuwa kwamba waliohesabu mizunguko walikosea, na ni kweli kwamba wakati ule hesabu iliandikwa kwa mkono na makosa yalitokea. Scott hakuyakubali maelezo hayo hadi alipokufa. Aliamini kuwa wasimamizi hawakutaka watazamaji weupe wa kusini wamwone mtu mweusi akisimama jukwaani kupokea kombe na busu la mrembo mweupe, kama ilivyokuwa desturi. Gari kuonekana mbele kwa mizunguko miwili, mbele ya macho ya kila mtu, ni kosa gumu kulifanya kwa bahati mbaya.

Ushindi huo ungepaswa kumletea mdhamini. Haukumletea. Kilichofuata ndicho, pengine, sehemu ya kustahiki heshima zaidi katika kazi yake, ingawa husimuliwa kidogo. Mwaka 1964 alimaliza wa 12 kwa alama za msimu mzima. Mwaka 1965 akawa wa 11, na 1966 akapanda hadi wa 6. Mwaka 1967 alikuwa wa 10, kisha wa 9 mwaka 1968 na tena 1969. Katika miaka hiyo hakushinda tena mbio hata moja. Alifika katikati ya miamba kwa kuwa yupo kila wiki, gari linatembea, na linamaliza. Mwaka aliovuna zaidi ulikuwa 1969, dola 47,451, na humo bado kulikuwa na injini za kununua, mafuta ya lori na watoto wa kusomesha.

Miaka ya 1970 mlango wa madereva wa kujitegemea ulizidi kuwa mwembamba. Makampuni makubwa, hasa ya sigara, yalileta fedha za udhamini, mbio ndogo za viwanja vya udongo zikaondolewa kwenye ratiba, na gharama zikapanda. Mwaka 1972 Scott alipata mara moja tu kile alichokitafuta maisha yote: gari zuri la watu wengine, Chevrolet iliyotayarishwa na dereva wa zamani Junior Johnson kwa mbio ndefu za Charlotte. Gari hilo liliharibika kabla ya mwisho. Hakupewa jingine.

Tarehe 6 Mei 1973, Talladega, injini ya gari moja ilipasuka mapema katika mbio na kumwaga mafuta njiani. Magari yapatayo ishirini yaligongana katika moshi na vumbi, na gari la Scott aina ya Mercury, ambalo alikuwa ametoka kulinunua, lilikuwa miongoni mwao. Alivunjika mbavu, nyonga na mguu. Gari likawa chuma chakavu. Bima na timu ya kumnunulia jingine hakuwa nazo. Oktoba mwaka huo alirudi Charlotte kwa mbio moja ya mwisho akamaliza wa 12, kisha akarejea gerejini Danville, na hapo ndipo alipotafuta riziki hadi alipougua. Alifariki tarehe 23 Desemba 1990, akiwa na miaka 69.

Filamu iliyotungwa kutokana na maisha yake, Greased Lightning, ilitoka 1977, Richard Pryor akiigiza nafasi yake. Heshima kutoka kwa mchezo wenyewe zilichelewa zaidi. Mwaka 2015 aliingizwa katika Jumba la Mashujaa wa NASCAR mjini Charlotte, mweusi wa kwanza kupata nafasi hiyo. Kombe la Jacksonville lilichukua muda mrefu kuliko vyote: NASCAR iliikabidhi familia yake kombe Agosti 2021, uwanjani Daytona, karibu miaka 58 baada ya mbio.

Wiki chache baadaye, tarehe 4 Oktoba 2021, Bubba Wallace, mzaliwa wa Alabama, alishinda Talladega na kuwa mweusi wa pili kushinda katika daraja la juu. Mwaka uliotangulia NASCAR ilikuwa imepiga marufuku bendera ya majimbo yaliyopigania utumwa isipeperushwe viwanjani mwake, hatua iliyosukumwa na Wallace mwenyewe. Njia aliyopitia inaonyesha jinsi kazi hii ilivyobadilika. Alianza na magari madogo akiwa mtoto, akapitia programu ya chama ya kuwalea madereva kutoka jamii zilizoachwa nje, akashindana katika mbio za magari aina ya piki-apu, ambako mwaka 2013 alishinda Martinsville, Virginia, si mbali na Danville. Mwaka 2014 alishinda tena hapo hapo akiwa na namba 34 ubavuni, kwa kumuenzi Scott.

Gari aliloshindia Talladega lilikuwa mali ya timu ya 23XI, inayomilikiwa na dereva Denny Hamlin pamoja na Michael Jordan, gwiji wa mpira wa kikapu. Wallace hakulinunua, hakulivuta, wala hakushuka kubadilisha tairi. Waajiriwa wa kazi hizo wapo, na wahandisi hufuatilia mwendo wa gari kwenye skrini mbio zikiendelea. Dereva wa leo analipwa aendeshe, awapendeze wadhamini na kuzungumza na waandishi. Asiye na mdhamini wa mamilioni ya dola hafiki mstari wa kuanzia, hata awe na mkono mzuri kiasi gani, na kwa hiyo fundi wa gereji mwenye gari la mitumba na wanawe wawili hana tena mlango wa kuingilia, awe mweusi au mweupe.